Twende De Haan, Dada

Aalst, 14 Aprili 1996

Dada Rozelien,

Nimekupigia simu wiki nzima, inalia weee mpaka inachoka yenyewe. Kama imeharibika, mwambie Firmin aite fundi. Kama mmeichomoa makusudi ili mnikimbie, basi mmekwama, maana nimekuja kwa njia ya posta.

Neno lenyewe ni hili. Nimeifunga saluni. Jumamosi nilimtengeneza nywele mteja wangu wa mwisho, Odette wa duka la nyama, nikafagia sakafu, nikazima taa, nikaingia jikoni nikala mkate nimesimama. Nikajiuliza: Wivina, unamkimbilia nani? Mume wangu Gaston ana mwaka wa pili kaburini, wateja hakuna, na bado nakula wima kama kuna mtu ananingoja kwenye kiti. Nikaamua nijifunze kukaa. Na mahali pa kujifunzia kukaa ni baharini.

Basi ni hivi: Pentekoste, Jumamosi hadi Jumatatu, De Haan, wewe na mimi. Ostend sitaki, kuna makelele. Knokke nawaachia wale wanaotembeza mbwa waliovalishwa makoti. De Haan kumetulia. Tutakula kroketi za uduvi, zile tonge za kukaangwa, tutajilaza kwenye viti vya kukunja tuwasengenye wapita njia, na kama usingizi utakuchukua saa nne asubuhi nitakufunika taulo nikuache. Ratiba hakuna. Nimepanga watu wa nywele kwa saa na dakika maisha yangu yote, sasa basi.

Chumba nimeshakiwekea nafasi. Usiniambie utafikiria. Wewe ukianza kufikiria, mwaka unakwisha.

Mdogo wako,
Wivina

*

Beringen, 23 Aprili 1996

Mdogo wangu Wivina,

Barua yako nimeipata, na wale mbwa wenye makoti wamenichekesha. Ni kweli simu ina matatizo. Fundi amesema atakuja, na mafundi unawajua.

Wazo lako ni zuri sana na ningependa mno. Ila goti langu la kushoto limerudia vituko vyake, na nasikia nyumba za kule zina ngazi kama za mnara wa kanisa. Halafu huu ni msimu wa mashindano ya njiwa, na Firmin hawezi kuwaacha njiwa wake, na mimi siwezi kumwacha Firmin na njiwa, mwanamume asiyejua hata sukari inakaa wapi. Tena upepo wa bahari mwezi wa tano bado unang'ata. Na viazi ndiyo kwanza nimepanda.

Labda Septemba. Au mwakani, tukijaliwa. Nenda na huyo Odette, atakuchekesha kuliko mimi.

Firmin anakusalimu. Hajambo kabisa, anakula vizuri, ana nguvu. Sote tu wazima, usiwe na wasiwasi hata chembe.

Dada yako,
Rozelien

*

Aalst, 27 Aprili 1996

Dada,

Mtu akinipa sababu moja ninamwamini. Akinipa tano, najua ya sita ameificha mfukoni.

Haya, tuanze. Goti: nimezungumza na Bi Clarisse, mwenye nyumba, ametubadilishia chumba. Tutalala chini, mlango unafungukia bustanini, ngazi hakuna hata moja. Upepo: nimenunua turubai la kujikinga, nimejaribu kulisimamisha uani na majirani wamenipigia makofi. Njiwa: Staf jirani yenu anafuga njiwa tangu utotoni, atashindwaje kuwalisha wa Firmin siku tatu? Viazi: kiazi kinaota gizani bila kumwita mtu.

Amebaki Firmin. Miaka thelathini na nane anakula kutoka mkononi mwako. Siku tatu za mkate na jibini hazitamuua. Nikwambie ukweli, dada? Mimi naona yeye ndiye sababu ya sita. Amebadilika. Siku ya Mwaka Mpya aliniita Philomène mbele ya watu wote, akarudia tena na tena. Mtu aniite kwa jina la marehemu mama, ana maana gani zaidi ya kunikebehi kwamba nimezeeka? Kwa heshima yako nikamalizia keki yangu ya mchele.

Kama anakukataza, sema. Nitashughulika naye mimi.

Wivina

*

Beringen, 5 Mei 1996

Wivina,

Hakuna anayenikataza. Firmin hajawahi kunikataza kitu tangu anioe, na sipendi neno hilo litoke kwenye kalamu yako.

Nimesema siendi. Mtu mzima akisema hapana imetosha, haina haja ya kupimwa kama goti. Tafadhali usimwandikie Staf, wala jirani yeyote wa hapa. Na usiniandikie tena habari za bahari.

Rozelien

*

Aalst, 8 Mei 1996

Shemeji Firmin,

Barua hii ni yako peke yako, usimwonyeshe mkeo.

Zamani ulikuwa mwanamume wa kupigiwa mfano. Nakumbuka ulivyokuwa ukipanda kutoka mgodini, mweusi kama sufuria, na cha kwanza ulichouliza ni kama Rozelien amekula. Gaston alikuwa akisema ukimtafuta mume bora Limburg nzima, chimba Beringen. Sasa nasikia huyo mume bora hawezi kujichemshia yai, na kwa sababu hiyo dada yangu hawezi kuiona bahari.

Nikuulize, shemeji: hao njiwa wako ukiwafungulia mlango si wanakwenda mpaka Ufaransa na wanarudi wenyewe? Na unajivunia. Mbona mke humwamini kama unavyomwamini ndege?

Mwache aje. Siku tatu tu. Nitakurudishia akiwa na rangi mashavuni. Ukikataa nitakuja huko mwenyewe, na wewe unajua mimi nikiwa na mkasi mkononi nikoje.

Shemeji yako,
Wivina

*

Beringen, 3 Desemba

Shemeji Wivina,

Asante kwa matusi yako, mwandiko wako ni mzuri. Nimeyasoma yote.

Baharini nataka sana. Mwambie Gaston alete wavu wa uduvi, kwa sababu safari iliyopita niliubeba mimi na yeye akabeba bia. Kesho ni sikukuu ya Mtakatifu Barbara, hatushuki mgodini, tutakunywa kidogo. Baada ya hapo niko zamu ya asubuhi lakini sina hakika. Napiga simu ofisini kuuliza na kila mara naambiwa ni mapumziko. Sasa hata simu siioni.

Rozelien hayupo. Nadhani amekwenda kwa mama yenu. Kuna mwanamke hapa. Ni mtu mwema, supu yake inakaribia ya Rozelien, ila anafunga mlango na ufunguo anautia mfukoni. Juzi nilimwona amesimama kwenye banda la njiwa analia. Banda ni tupu, sijui analilia nini. Sikumuuliza. Si vizuri kumuuliza mwanamke asiye wako.

Ukimwona Rozelien mwambie arudi nyumbani. Mwambie sikumkataza kwenda popote. Akitaka bahari, twende bahari.

Barua hii nampa mtu wa posta dirishani.

Firmin

*

Aalst, 15 Mei 1996

Dada yangu Rozelien,

Nilimwandikia Firmin bila wewe kujua, naye amenijibu. Sasa najua. Sitakuuliza kwa nini hukuniambia, maana najua na hilo.

Nilipofika kwenye jina la Gaston ilinibidi niketi kwenye ngazi. Kwa Firmin, Gaston bado yu hai na anadaiwa kubeba wavu. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikavaa koti nikaenda kumpigia simu Bi Clarisse kutoka kwa Odette, kwa sababu kwangu ningelia tena.

Kwa hiyo sikiliza mpango mpya. Tunakwenda watatu. Chumba ni kile kile cha chini, na kitanda cha tatu kitawekwa. Mlango wa bustani una komeo juu kabisa, nimeuliza. Bi Clarisse nimemwambia kwamba shemeji yangu anasahau, akasema baba yake naye alisahau, na hakuna atakayeshangaa chochote mezani. Alhamisi ya tarehe 23 nakuja Beringen kwa basi la kutoka Diest, nalala kwenu, nashika mkono mmoja wewe unashika mwingine, na Jumamosi asubuhi tunaondoka. Treni hadi Ostend, halafu tramu. Nimesafirisha mikoba mizito kuliko Firmin.

Unaweza kunifungia mlango. Nitakaa nje na sanduku langu mpaka Staf aje kuuliza kuna nini, na hilo ndilo usilolitaka.

Wivina

*

Beringen, 19 Mei 1996

Wivina,

Wewe ni mkaidi kama nyumbu, na safari hii nimeshukuru, ingawa siku mbili za kwanza nilitaka kuichoma barua yako.

Naandika huku amesinzia, kwa hiyo nitakwenda mbio. Simu niliichomoa mwenyewe nikaificha. Alikuwa akipiga mgodini kuuliza zamu yake. Mgodi umefungwa miaka saba, namba ile siku hizi ni ya mama mmoja anayeuza mapazia, na mama wa watu alikuwa akimjibu kwa upole, "Leo mapumziko, bwana Firmin." Siku moja akanipigia mimi, akaniuliza kama nahitaji msaada. Nilimwambia amekosea namba.

Njiwa nimewagawa. Alikuwa anawalisha mara sita kwa siku, kisha anasahau siku mbili. Wawili walikufa. Staf aliwachukua waliobaki, nikamwambia Firmin ana mzio wa manyoya. Umewahi kusikia mfuga njiwa mwenye mzio wa manyoya? Staf alinitazama tu, akasema pole.

Daktari anataka nimpeleke mara mbili kwa wiki kwenye kituo cha mchana, mahali wanapowaimbisha wazee kwa makofi na kuwapa kahawa. Nikamkatalia. Huyu ni mtu aliyerudi chini mgodini baada ya dari kuporomoka, akatoka na wenzake wawili mgongoni mmoja mmoja. Leo nimpeleke akapigishwe makofi? Mji mzima unamjua Firmin yule. Nimejitahidi wabaki wanamjua yule.

Baharini ninaogopa, Wivina. Pale hakuna mlango wa kufunga.

Lakini njoo. Sharti langu ni moja: usinihurumie. Akiniita bibi, au akiniuliza mbele yako mume wangu ni nani, usinitazame kwa jicho lile ulilonitazama nalo siku ya mazishi ya mama. Mimi nikitazamwa vile naanguka, na sina nafasi ya kuanguka.

Leta lile turubai lako.

Rozelien

*

Aalst, 30 Mei 1996

Dada Rozelien,

Natumaini mlifika salama na Firmin hakulala mpaka treni ikafika mwisho. Mimi bado nakung'uta mchanga kwenye kila kitu, hata kwenye miwani.

Nimekaa siku nne na jambo moja na sitaki liwe siri mpya katikati yetu, tulizo nazo zilitosha. Lilitokea Jumapili alasiri ukiwa umelala kwenye kiti cha kukunja. Sikutaka kukuamsha, na baadaye sikutaka kukuharibia. Ulilala mdomo wazi, dada, na uso wako ulikuwa umekunjuka kama shuka iliyopigwa pasi. Sikuwa nimeuona hivyo tangu Firmin alipostaafu.

Nilimpoteza.

Nilikwenda kununua aiskrimu, pale pale, hatua chache. Nikamwambia, "Shemeji, usinyanyuke. Mlinde mkeo." Akanipigia saluti: "Sawa, bosi." Niliporudi kiti chake kitupu, wewe unakoroma. Ufuko umejaa watu, na siku hiyo kila mzee wa Ubelgiji alikuwa ameamua kuvaa kofia nyeupe kama yake. Nilikimbilia majini kwanza. Niliyatazama yale mawimbi, Rozelien, nikitafuta kofia ndani yake. Halafu nikageuka kuelekea kwenye tramu, miguu inazama, aiskrimu inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, namwita kwa sauti ya kuchinjwa.

Nikamkuta nyuma ya uzio wa matuta ya mchanga, amepiga magoti mbele ya kibanda cha mchanga cha wale watoto wa ufukoni wanaouza maua ya karatasi kwa kulipwa makombe ya baharini. Kulikuwa na kasichana kasicho na meno mawili ya mbele, na hao wawili walikuwa wanapatana bei kama sokoni.

"Makombe ishirini," kasichana kanasema.

"Ishirini! Ua lenyewe halinukii."

"Halinyauki pia, babu."

Firmin akafikiri. Akasema, "Hapo umenipata." Akageuza kofia, kumbe ameijaza makombe, akayamwaga yote mchangani bila kuhesabu. Halafu ndipo akaniona.

"Shemeji! Afadhali umekuja. Chukua hili, mpelekee Rozelien."

"Mpelekee mwenyewe, si yule pale amelala?"

Akanyoosha shingo, akakutazama kwa muda mrefu. Akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Namwogopa kidogo siku hizi. Amechoka. Nikimgusa anashtuka. Mpe wewe, mwambie limetoka kwangu."

Hakusema yule mwanamke. Alikutaja kwa jina, na alijua kwamba umechoka.

Lile ua jekundu ulilolikuta kwenye kikapu, ukaniambia mtu mzima mzima nanunua vitu vya kitoto, halikuwa langu. Sikukanusha, maana ningekueleza ua ningelazimika kukueleza na kofia nyeupe na mawimbi. Basi sasa umepata vyote viwili. Kasirika, ni haki yako. Lakini ua ni lako, limetoka kwake.

Wivina

*

Beringen, 16 Juni 1996

Mdogo wangu,

Nilikasirika. Nilitembea kuzunguka meza ya jikoni nikikutukana kwa sauti, mpaka Firmin akanyanyua kichwa akaniuliza, "Wivina amefanya nini tena?" Nikakaa. Nikamshika mkono, polepole, na nikajiangalia: ni kweli, mkono wangu ulikuwa unatetemeka kabla hajaugusa. Sikuwa najua. Mtu anasahau siku, anasahau mwaka, na bado anaona hicho.

Kwa hiyo nimemtafuta daktari mwenyewe. Jumanne na Alhamisi Firmin anakwenda kwenye kile kituo. Siku ya kwanza nilimpeleka kama mtu anayepeleka jeneza. Niliporudi jioni nilimkuta amezungukwa na wazee wanne, anawafundisha kucheza karata na kuwaibia. Mmoja wao alichimba kwenye mgodi wa Zolder. Wanatukanana kwa lugha ya chini ya ardhi, na hakuna anayepigishwa makofi. Mimi siku hizo nalala mchana. Staf amekuja kuniuliza kama tuko salama, nikamwambia hapana, nikamkaribisha kahawa, nikamweleza yote. Kumbe alijua tangu Krismasi. Mtaa mzima ulijua, na wote walikuwa wananisaidia kuficha.

Lakini nilichokaa kukuandikia ni hiki. Firmin hakumbuki De Haan. Tramu, kroketi, wewe ukipigana na turubai lako mpaka likakubeba, havimo kabisa. Asubuhi ya kwanza tuliporudi aliniuliza, "Tunakwenda lini baharini?" Nikamwambia tumetoka huko jana. Wivina, alikunja uso kama mtu aliyeachwa na treni. "Mbona hamkunichukua?" Siku nzima hakula.

Asubuhi ya pili akauliza tena. Nikamwambia, "Jumamosi."

Akapiga paja. "Jumamosi hii?" "Jumamosi hii." Akaenda kutafuta kofia. Tangu siku hiyo kila asubuhi anauliza, kila asubuhi namjibu, na kila asubuhi anafurahi upya, furaha nzima, haina kipande kilichotumika jana. Mwanzoni ilinifariji. Halafu Jumamosi ikaja, ikapita. Nyingine ikaja, ikapita. Yeye hajui, ila mimi najua. Amekaa na mimi maisha yote bila kunidanganya, na sasa kwa kuwa hawezi kunikamata, ndiyo nimdanganye kila siku kwenye chai?

Safari hii sikukungoja. Nimemwandikia Bi Clarisse na amenijibu. Jumamosi tarehe 6 Julai, chumba cha chini, vitanda vitatu. Naogopa bado, lakini naogopa nikiwa nafunga sanduku. Asubuhi hiyo akiniuliza, nitamwambia, "Leo." Nataka niuone uso wake nikitamka neno hilo.

Tunakwenda, uwepo usiwepo. Lakini uwepo.

Dada yako,
Rozelien